Kiraka Kinachokumbuka Tumbo

Mtu anayeishi safarini huchakaa magotini kwanza. Suruali zangu zimepita mikononi mwa mafundi wa miji mingi, na nimezoea kumpima fundi kwa jinsi anavyokishika kiraka. Wengi hukibandika, wakakipitishia mshono wa haraka, basi, shughuli imekwisha. Fundi ninayetaka kumweleza hapa alikikata kipande cha kitambaa, akakivuta huku na huku, akakilowesha kwenye bakuli la maji lililokuwa pembeni mwa meza, kisha akakitandaza na kukaa kukitazama.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Nataka kujua tabia zake. Hiki ni pamba tupu. Suruali yako ina pamba na sijui nini kingine. Kiraka kikija kusinyaa peke yake, utanirudia umenuna."

Halafu, kwa sauti ile ile, kama anayetaja hali ya hewa, akasema yeye mwenyewe ana kiraka. Akagusa chini ya kitovu kwa kidole chenye kastabini.

Mdogo wake alikuwa ameketi dirishani akitia vifungo. Hakuinua macho. "Kaanza," akasema. "Kaka, vuta kiti. Ukishaingizwa kwenye hiyo habari ya kiraka, suruali yako haitoki leo."

Nikavuta kiti, na mdogo mtu hakukosea.

Duka lao ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo ya gurudumu lenye meno la kupigia alama, pasi, na nguo zilizoning'inizwa kwenye waya, kila moja na karatasi yake ya jina. Nyuma kuna pazia la kijani, na nyuma ya pazia kuna chumba kidogo chenye sinki, benchi pana lenye godoro jembamba, na rafu iliyofunikwa kitambaa safi. Ukimtazama fundi akifanya kazi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mgongo umenyooka, miguu ikicheza kwenye kanyagio, hutadhani kwamba chumba muhimu zaidi katika maisha yake ni hicho cha nyuma.

Alipokuwa na miaka thelathini na moja aliugua kifua kikuu. Hakikumkamata kifuani kama wengi wanavyokijua, kilimkamata kwenye njia ya mkojo. Dawa alikunywa zote mpaka ya mwisho, na ugonjwa ukapona. Lakini kibofu kilikuwa kimeshaharibika. "Ulishaona sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto?" aliniuliza. "Linatoka la mwanasesere. Ndivyo kilivyokuwa." Kilibeba mkojo wa kujaza kikombe cha kahawa, kisha kilimwinua. Kila robo saa, mchana kutwa, alikuwa anaacha sindano katikati ya kitambaa na kukimbia chooni. Wateja walianza kuona mishono yenye vituo, kama barabara yenye matuta. Kwa fundi aliyejengewa jina na mshono mmoja mrefu usiokatika, hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Daktari wa upasuaji alimweleza dawa yake. Angekata kipande cha utumbo mwembamba, aziunganishe tena ncha zilizobaki ili chakula kiendelee na safari yake, kisha akipasue kile kipande kwa urefu, akifungue kiwe bapa, na kukishonea juu ya kibofu. Yaani angemtilia kiraka. Nimejifunza lugha kadhaa ukubwani, na katika baadhi yake mtu anayeshona ngozi ya binadamu na mtu anayeshona koti hawatumii neno moja. Sisi tunasema kushona, tumemaliza. Nadhani ndiyo maana fundi alimwelewa daktari upesi kuliko daktari alivyotazamia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na huo utumbo, ukishafika huko, utajua kwamba umehama?"

Daktari alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Hapana," akasema. "Hautajua."

Utumbo umeumbwa kutoa ute, ute mzito wa kuteleza, ili chakula kipite bila kukwaruza. Ukiuhamishia kwenye kibofu, unaendelea na kazi yake ile ile siku baada ya siku, ingawa hakuna chakula tena. Baada ya miaka unaweza kupunguza, lakini haustaafu. Na ute ukiachwa humo hauwi ute tu. Hushikana mabonge, huziba, hukaribisha wadudu wa maambukizi, na chembechembe za mkojo huganda juu yake kidogo kidogo mpaka kunakuwa na jiwe. Kwa hiyo aliambiwa tangu mwanzo kwamba atakuwa na kazi mbili za maisha. Ya kwanza ni kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, kwa kuwa kibofu cha kiraka hakina nguvu ya kujikamua chenyewe. Ya pili ni kukiosha kwa maji ya chumvi, kuutoa ule ute kabla haujashikana.

Alikubali zote mbili. Akapasuliwa, akapona, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akashona gauni zima bila kuinuka kitini.

Kisha mawe yakaja.

Mara ya kwanza, baada ya miaka mitatu, yalivunjwa kwa chombo kilichopitishwa ndani. Mara ya pili lilikuwa jiwe moja kubwa, na ikabidi afunguliwe tena tumbo. Daktari yule yule, ambaye si mtu wa vitisho, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimekufungua mara mbili," akasema. "Sasa nashona juu ya mishono yangu mwenyewe. Yakirudi tena, sidhani kama nitakitengeneza kibofu. Nitakiondoa, na mkojo utatokea ubavuni, kwenye mfuko. Watu wengi wanaishi nao vizuri. Lakini najua wewe hutaki."

Hakutaka. Alijua ubavu upi, na alijua kwamba ni pale pale ukingo wa meza ya cherehani unapomgusa anapoinama kutunga uzi. Daktari akampa miezi sita, kisha wapige picha waone.

Kilichomuuma ni kwamba hakuwa mvivu. Alikuwa anaosha kila siku, hajaruka hata moja. Akaenda kliniki kwa muuguzi aliyemfundisha, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye wagonjwa humwita Mzee Mipira kwa sababu maisha yake yote amefundisha watu kutumia mipira ya mkojo. Mgeni akisikia jina hilo hudhani ni kocha.

"Mzee, mimi nakosea wapi?"

"Usinisimulie. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Aliketi wima kitini kama alivyoketi miaka yote, akapitisha mpira, akasukuma maji ya chumvi kwa bomba kubwa la sindano, akayaacha yashuke kwenye beseni. Maji yakatoka safi. Akafunga vifaa vyake. Mzee Mipira akatazama saa ya ukutani.

"Dakika tatu," akasema. "Mwanangu, wewe unakiosha kibofu au unakisalimia?"

"Lakini maji yanatoka safi, Mzee."

"Yanatoka safi kwa sababu yanaingia na kutoka hayajagusa kitu. Hebu niambie, nani anakukimbiza?"

Aliyekuwa anamkimbiza ni mteja, kila siku mteja mwingine, aliyesimama upande wa pili wa pazia akigonga meza kwa ufunguo. Mzee Mipira akamwongezea kiasi cha maji na kumwonyesha kuyasukuma taratibu kisha kuyavuta kwa bomba, kusukuma na kuvuta, tena na tena, mpaka yanayorudi yawe hayana kitu kabisa. Akamwambia anywe maji mengi zaidi mchana. Na akiona maji yameingia hayarudi, au akisikia maumivu, asishindane nayo, aje hapo hapo.

"Na usikae kama picha ya ukutani," akamalizia. "Jigeuze."

Hilo la kujigeuza hakulielewa mpaka siku mbili baadaye, na aliyemwelewesha alikuwa cherehani.

Cherehani ya mdogo wake ilianza kukwama na kukata uzi. Mdogo mtu akafungua kibati cha chini ya sindano, akapangusa kwa brashi, akapuliza, akashona. Ikakwama. Akapangusa tena.

"Imezeeka kama wewe, Dada," akasema.

"Ondoka hapo, mzee anataka kupita."

Fundi akafungua bawaba na kukilaza kichwa cha cherehani chali, kama kila fundi anavyojua kufanya ingawa wengi huona uvivu. Chini, kuzunguka nyumba ya bobini, pale unapokaa uzi wa chini, palikuwa na vumbi la nyuzi lililoshikamana, zulia dogo la kijivu nene kama kidole. Juu kulikuwa safi kabisa. Mdogo wake anasema dada yake alikaa na lile zulia mkononi kwa muda mrefu mpaka akaogopa, akamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Miaka yote hii," fundi akasema, "nimekuwa napangusa meza."

Siku hiyo, nyuma ya pazia, aliosha kibofu chake kama anavyosafisha cherehani. Alitia maji, akalala ubavu wa kushoto, akavuta. Akatia, akalala wa kulia, akavuta. Akasimama, akainama na kushika benchi, akavuta tena. Na kwa kuwa beseni lilikuwa limejaa maji ya pasi, aliyamwaga maji yaliyorudi kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaiweka rafuni, ambapo kwa bahati tu palikuwa na kipande cheusi cha bitana kilichobaki kwenye koti la mtu.

Ndipo alipouona ule ute. Mbele ya kile cheusi ulielea kama nyuzi, kama mawingu madogo, mkia mmoja mrefu ukishuka polepole mpaka chini ya chupa. Na beseni lake, la miaka yote, lilikuwa jeupe.

"Mimi," aliniambia, na hapa aliacha kushona kabisa, "mimi ninayemgombeza huyu mtoto kila wiki asishone cheusi juu ya cheusi bila taa. Nilikuwa natafuta uzi mweupe kwenye beseni jeupe. Miaka mitano."

"Na huyu mtoto ana miaka thelathini na minne," mdogo wake akasema kutoka dirishani.

Alibeba habari hiyo, pamoja na kile kitambaa, kwa Mzee Mipira kabla ya kuifanya mazoea. Mzee akasikiliza, akamrekebisha hapa na pale, akamwambia kulala ubavu ni sawa, kulazimisha maji kwa nguvu si sawa. Kile kitambaa cheusi alikitazama muda mrefu kuliko vyote, kisha akauliza kama anaweza kubaki nacho.

Kuanzia siku hiyo saa tisa alasiri ikawa haiguswi. Alikuwa amejaribu asubuhi, ikamezwa na wateja, akajaribu jioni, ikamezwa na uchovu. Saa tisa kamili aliinuka, awe katikati ya mkono wa shati au ya kola, akaingia nyuma ya pazia kwa nusu saa. Kila siku alitazama chupa mbele ya kitambaa kingine cheusi. Siku nyingine maji yalisafika mapema, siku nyingine bomba la tano bado lilikuwa na nyuzi, na aliendelea mpaka zikaisha. Mdogo wake aliwaambia wateja, "Fundi amekwenda kulaza cherehani," na hakueleza zaidi. Wengine waliondoka na hawakurudi. Fundi aliwataja mmoja mmoja bila chuki, pamoja na vipimo vyao vya kiuno.

Mwezi wa tano wa ile miezi sita, shule zilikuwa zinafunguliwa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupanga watu mistari, aliingia na furushi la sketi arobaini zilizokuja ndefu kupita kiasi. Zote zilitaka kukunjwa pindo, na wakaguzi walikuwa wanakuja kesho asubuhi. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, na saa ilikuwa tisa kasoro dakika tano.

"Nitazifanya, Mwalimu," fundi akasema. "Nitaanza saa tisa na nusu."

"Kwa nini si sasa?"

"Saa tisa nina shughuli nyuma ya pazia."

"Shughuli gani ya nusu saa?"

"Kulala."

Mwalimu alimtazama kama wanavyotazamwa wanaochelewa mstarini. "Fundi, nina watoto arobaini wanaokanyaga sketi zao, na wewe unakwenda kulala?"

"Ubavu wa kushoto, Mwalimu. Halafu wa kulia."

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "leo tu. Leo fanya zile dakika tatu."

Fundi aliniambia kwamba neno hilo lilimgusa, kwa sababu ndilo alilojiambia mwenyewe kila siku kwa miaka mitano. Alikunja utepe wake wa kupimia, akauweka juu ya sketi. "Zile dakika tatu ndizo zilizonilaza hospitali," akamwambia mdogo wake. Kisha kwa mwalimu: "Ng'ambo ya barabara kuna mwenzangu. Ni fundi mzuri, hana foleni. Ukimpelekea sitakasirika. Ukinisubiri, zitakuwa tayari kabla hujafunga ofisi yako."

Akaingia ndani.

Mwalimu alifika mlangoni na furushi lake. Mdogo mtu, ambaye hajawahi kunyamaza kwa dakika tano mfululizo, aliona bora akombolewe mteja kuliko ilindwe siri ambayo mwenye siri mwenyewe huisimulia kwa wenye suruali. Akamweleza yote, kiraka, ute, mawe, na picha itakayopigwa mwezi ujao. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama. Nyuma ya pazia maji yalisikika, yakatulia, yakasikika tena.

"Anafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku. Hata siku ya mvua ile duka lilipovuja, alifanya na ndoo karibu na kichwa ikikinga matone."

Fundi alipotoka saa tisa na nusu, alimkuta mwalimu mkuu ameketi kwenye kigoda, miwani puani, sketi mapajani, akishikiza pindo kwa mkono.

"Mwalimu, huo mshono wako," mdogo mtu alikuwa anamwambia, "unatembea kama mtu aliyetoka baa."

"Nifundishe basi, acha kucheka."

Alishikiza kumi. Fundi alizifumua zote kwa heshima, mwalimu akiwa ametazama pembeni, akazirudia kwa cherehani pamoja na zile thelathini. Zilikamilika dakika chache kabla ofisi haijafungwa.

Mwezi wa sita akaenda kupiga picha. Mdogo wake alimsindikiza, na ndiye aliyenisimulia sehemu hii, kwa kuwa fundi anadai haikumbuki vizuri. Daktari alimpaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kifaa polepole, macho kwenye kioo. Alipotaka kumwambia ageuke kushoto, akakuta ameshageuka. Kisha kulia. Kisha daktari akakirudisha kifaa mahali pale pale pa mwanzo, akatulia hapo, na mdogo mtu akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Sioni kitu," daktari akasema.

Fundi akainua kichwa. "Huoni kitu kwa sababu hakipo, au kwa sababu ya beseni jeupe?"

Ilibidi daktari aelezwe beseni jeupe ni nini. Alipoelewa hakucheka. Aliagiza na picha ya eksirei ili kuwa na uhakika, wakasubiri kwenye benchi la korido, dada na mdogo wake, bila utani hata mmoja, jambo ambalo mdogo mtu anaapa halijatokea tena. Picha ikaja. Daktari aliishikilia kwenye mwanga wa dirisha, akawaonyesha mifupa, akawaonyesha kivuli cha utumbo, akazungusha kidole mahali ambapo mara mbili kabla alikuwa amewaonyesha jiwe.

"Hakuna," akasema. "Kiraka chako kinakaa. Rudi baada ya miezi sita."

Walipokuwa wanatoka walipita kwa Mzee Mipira. Alikuwa na mgonjwa mpya, mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji ule ule wiki chache kabla, ameshika bomba la sindano kama anayeshika nyoka. Mbele yake mezani palikuwa na chupa ya kioo, na nyuma ya chupa, kwenye ukuta mweupe wa kliniki, kimebandikwa kwa plasta, kile kipande cha bitana.

"Huyu ndiye mwenyewe," Mzee Mipira akamwambia yule mama. "Muulize yeye. Mimi natoka hapa mwezi wa kumi na mbili, yeye bado yupo yupo."

Fundi akavuta kiti, akaketi karibu na yule mama, akamuuliza kwanza kitu kimoja: anafanya kazi gani. Mama akasema anachoma mikate. "Basi," fundi akasema, "nieleze unavyosafisha tanuri."

Nilipofika dukani kwake na suruali yangu, alikuwa ameshapita picha ya pili, nayo ilikuwa safi, na alikuwa akihesabu siku kuelekea ya tatu. Mezani, karibu na pasi, kulikuwa na rundo la vitambaa vyeusi vya mraba, vimekatwa kutoka mabaki na kukunjwa pindo pande zote nne kwa mishono miwili miwili, vikisubiri kwenda kliniki. Nikamwuliza kwa nini anahangaika na pindo kwenye kitu cha kuwekwa nyuma ya chupa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga.

Kiraka changu kilikuwa kimekauka na hakikusinyaa. Alikipanga juu ya goti, akakizungushia mshono wa kwanza, akaanza wa pili. Akafika kona ya tatu. Saa ya ukutani ikafika tisa, na akainuka, akaiacha sindano imesimama ndani ya suruali yangu, pazia likafunguka na kufungika.

Nikayasikia maji. Nilikuwa na safari jioni ile na nikatazama saa.

"Usiitazame," mdogo wake akasema. Akanisukumia bakuli la vifungo na shati lisilo na hata kimoja. "Mwalimu mkuu alishikiza pindo kumi. Wewe, Kaka, unajua kufanya nini?"